Kabla ya Ukili

Waandishi wetu wanapenda sana kusuka. Huyu anasuka hadithi, yule anasuka visa, na mhakiki naye, asije akaachwa nyuma, anasifu ususi wa lugha. Istiari tamu, ila ndani yake hakuna mmea. Nyuzi zimetoka wapi? Ati zilikuwepo tu.

Hebu tuangalie kazi yenyewe huko Pwani. Mkeka hauanzi kwa vidole, unaanza kwa panga. Ukindu hutoka kwenye mkindu, unaomea kando ya mito na penye majimaji. Miyaa hutoka kwenye mkoma. Linalotafutwa ni jani changa ambalo halijafunguka. Huanikwa, huchanwa chane, hutiwa maji lisikatike, ndipo ukili usukwe. Halafu kili zishonwe pamoja. Yaani kusuka ni hatua moja tu katikati, nasi tumeifanya ndiyo kazi yote.

Anayekata naye ana uamuzi wake: jani gani achukue, gani aache. Akimaliza machanga yote, mti utadhoofika na siku nyingine atarudi mikono mitupu. Huko kuacha ndiko kunakokosekana katika istiari yetu. Ni rahisi mwandishi kuvuna semi za bibi yake, azipambe kitabuni, bila kujiuliza kama lugha ya bibi itachipuka tena baada yake.

Kiondo cha bara nacho kinatusahihisha. Zamani kilisukwa kwa nyuzi za magome ya vichaka na ya mbuyu. Kisha ukaja mkonge, mmea wenye asili ya Mexico, uliofika Tanzania ya leo mwaka 1893 kabla ya kuenea Kenya. Siku hizi kuna viondo vya sufu, hata vya nailoni. Jina ni lile lile, lakini njia ya kwenda kichakani imeota nyasi. Kwa hivyo ukisoma shairi linalokiita kiondo urithi usiobadilika, uliza kwanza kimesukwa kwa nini.

Sisemi tuache kusema tunasuka. Nasema uhakiki uulize pia kuhusu malighafi: ilitoka wapi, nani aliikata, na aliacha nini. Penye majimaji pakifukiwa ili pajengwe, mkindu hauna pa kuota. Neno ukindu litabaki kwenye kamusi, na mtoto atakayelisoma hatakuwa na mti wa kuonyeshwa.