Walimkata Babu

Unaweka diski ya Oganga, filamu ya Indiana Jones kijana, unamngoja mzee mwenye kitambaa jichoni aketi vizuri na kuanza kusimulia. Haji. Picha inakurusha moja kwa moja kwenye risasi za Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, Desemba 1916, kama mgeni aingiaye nyumbani bila hodi. Waliotazama Les Aventures du jeune Indiana Jones jinsi ilivyotoka kwanza, kwenye kituo cha ABC cha Marekani kuanzia Machi 1992, wanajua nani hayupo. Ni George Hall, aliyemwigiza Indy mwenye umri wa miaka 93, aliyekuwa akifungua hadithi na kuifunga. Vipindi vilipounganishwa upya kuwa filamu 22, zile zilizouzwa kwenye diski mwaka 2007 na 2008, babu akakatwa. Ulikuwa uamuzi mbovu.

Tuutazame kiufundi. Hadithi ya kijasusi huendeshwa na hofu: atakamatwa au hatakamatwa? Kwa mtu mzima hiyo ndiyo ladha yenyewe. Kwa mtoto wa miaka minane ni jinamizi la usiku. Waandishi wa mfululizo huu walikuwa wamelitatua tatizo hilo bila kupunguza hatari hata kidogo. Walimweka mzee mbele ya kamera. Mtoto akimwona babu yuko hai, haulizi tena “atapona?” Anauliza “alipona vipi?” Na “vipi” ndilo swali halisi la ujasusi: alijificha wapi, alidanganya nini, nani alimwamini. Ukimwondoa mzee, unamrudishia mtoto swali la kwanza, lile la kutisha, na unampokonya la pili, lile la kufikiri.

Chukua sehemu ya Austria, Machi 1917. Indy anawasindikiza Sixtus na Xavier, wanawafalme waliotumikia jeshi la Ubelgiji, kwenda kutafuta barua ya amani ya Kaisari Karl, huku Christopher Lee akiwa Czernin, waziri wa Karl wa mambo ya nje. Jambo lenyewe lilitokea kweli katika historia, na amani haikupatikana. Mtoto akiachwa na mbio za mpakani peke yake, ataondoka akidhani barua ikifika, vita vinakwisha. Anahitaji mtu aliyeishi miaka sabini na zaidi baada ya siku ile, amtazame usoni kabla taa hazijawashwa.

Najua utetezi wa waliomkata: mzee anapunguza kasi, filamu ndefu haitaki kusimamishwa kila mara. Basi watueleze Mystery of the Blues. Mle Harrison Ford anaonekana mwanzoni na mwishoni, Indy wa mwaka 1950, na mle hawakukata. Kwa hiyo fremu ya usimulizi haikuwa na kosa. Nyota alibakizwa, mzee asiye na jina kubwa akatolewa nje. Hilo sijalisamehe.

Wakongwe hawakufanya hivyo. Katika Les Mystères de l'Ouest, majasusi West na Artemus walikuwa na behewa lao la treni, na hadithi ilirudi humo. Tulijua nyumbani ni wapi hata bomu likilipuka. Naye jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya mwaka 1974, anatusimulia kwa kinywa chake mwenyewe. Aliyesoma Kikosi cha Kisasi, Willy akiwa Kinshasa kwetu, anakumbuka jinsi moyo ulivyodunda japo msimuliaji alikuwa kando yetu. Usalama wa msimuliaji haujawahi kuua msisimko.

Mengine yote, mavazi, muziki, Flanery anayemwigiza Indy kijana, na picha zilizopigwa Kenya, ni kazi safi. Ila katika Oganga nina lalamiko: reli ya Kabalo hadi Kalemie ilikuwa tayari tangu 1915, kwa hiyo kuwatuma askari kukata msitu wa Kongo hadi Cape Lopez kufuata silaha si mkakati wa jeshi lolote. Na nyuma ya askari wa Force Publique walioingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 walitembea wapagazi zaidi ya laki mbili. Kwenye filamu ni mstari wa watu nyuma ya picha. Anayebaki moyoni ni Sajini Barthélemy wa Isaach de Bankolé, anayembeba mtoto aliyesalia katika kijiji kilichokufa.

Hapo ndipo mkasi unapotuumiza zaidi sisi wa Butembo na Beni. Tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, watoto wa Beni wanajua kijiji kilichokufa ni nini, na hawakukijua kwenye televisheni. Mtoto wa namna hiyo anapomwona Barthélemy akiinama kumwinua yule mdogo, asiachwe peke yake na picha. Wazee wetu walilielewa hilo zamani. Katika kyaghanda, baraza letu la wazee, habari ya vita haikuletwa bila mtu mzima kuketi na vijana karibu na moto hadi imalizike. Babu wa George Hall alikuwa kyaghanda ya mfululizo ule.

Hata hivyo naupendekeza, kwa familia nzima, kuanzia miaka minane. Ukipata nakala za zamani zenye mzee, nunua hizo. Ukipata diski tu, tafuta kiungo: filamu nyingi ni vipindi viwili vilivyoshonwa, na mshono uko karibu na katikati. Katika Oganga ni pale mapigano yanapokwisha na safari ya Kongo inapoanza. Simamisha hapo. Kama babu au bibi yupo sebuleni, mwombe aeleze alichosikia kwa wazazi wake kuhusu upagazi, kisha endelea. Ikifika mwisho, mwachie yeye aseme neno la mwisho kabla hujazima.