Kibuyu Kilichoshonwa

Katika soko la Konyo Konyo, Juba, ukishazipita safu za mabeseni na jerikani za plastiki, utavikuta vibuyu vimepangwa chini juu ya gunia. Wengi huvipita. Mimi husimama, na kitu cha kwanza ninachokitazama ni shingo. Kibuyu cha kukamulia cha Wanuer, wafugaji wa ng'ombe wa Sudan Kusini, kina mdomo mwembamba, na wembamba huo una maana yake. Kwao, mwanamume aliyekwisha kuingizwa utu uzima hakamui ng'ombe. Kazi hiyo ni ya wanawake, wasichana na wavulana wadogo. Mkamuaji huchuchumaa, akakiweka kibuyu mapajani, akakamua chuchu moja moja huku akilenga tundu lisilotosha hata ngumi. Maziwa yakishaingia, vumbi na nzi wa zizini hawapati njia.

Chombo hiki huanzia shambani. Mmumunye huachwa kwenye mtambaa wake hadi kikonyo kikauke na ganda ligonge kama ubao. Ukichumwa mapema hunywea na kukunjamana, na hapo hakuna ufundi wa kuuokoa. Ukishakomaa hukatwa juu, ukajazwa maji, ukaachwa hadi nyama ya ndani ioze. Harufu yake haivumiliki. Kisha mbegu na nyuzi hukwanguliwa kwa kijiti kirefu kinachopita katika mdomo uleule mwembamba, mkono ukifanya kazi mahali ambapo jicho halioni. Kibuyu husuuzwa tena na tena mpaka uchungu uishe, kikakaushwa kivulini, halafu kikafukizwa moshi ndani ili maziwa yakae vizuri.

Mapambo huja baadaye, kwa ncha ya kisu au chuma cha moto. Nilishika kimoja chenye mistari ya pembetatu kuzunguka tumbo. Ukikisogeza karibu na jicho unauona mwendo wa mkono: mahali chuma kilipotua mstari ni mweusi na mpana, kisha unafifia kuwa kahawia kadiri kilivyopoa, unakatika, unaanza tena na chuma kilichotoka motoni. Pembetatu ya mwisho ilibanwa kidogo ili ikutane na ya kwanza. Hapakuwa na rula wala penseli.

Lakini kilichonifanya nikipende kibuyu kile ni ufa wake. Ulianzia shingoni ukashuka hadi katikati ya tumbo, na mtu aliushona. Alitoboa matundu kwa msharasi pande zote mbili, mbali kiasi na ukingo, kwa kuwa karibu zaidi ganda lingemeguka. Akapitisha ukanda mwembamba wa ngozi, akaukaza kwa nguvu iliyo sawa kila mshono. Ukiupitisha ukucha juu ya ufa huo, haunasi. Mishono ilikatiza pembetatu mbili, naye hakujaribu kuificha. Nakihesabu chombo hicho kuwa kizuri kuliko kipya kilichokaa kando yake.

Wakusanyaji wa vitu vya kale, kwa upande wao, hulipa fedha nyingi kwa vyombo vya Kichina vya jiwe la jedi, nao wana sababu. Jedi haichongeki kwa patasi. Fundi huisaga kidogo kidogo kwa maji na unga wa mawe magumu zaidi, miezi hata miaka. Na mara nyingi mafundi wa jedi walilitafuta umbo la kibuyu. Kikombe cha mvinyo cha Shah Jahan, mfalme wa India, cha mwaka 1657, kilichoko katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, ni jedi nyeupe iliyochongwa kama nusu ya kibuyu, na mkono wake unaishia kwenye kichwa cha mbuzi. Umbo hilo la kibuyu lilitoka katika sanaa ya China. Mmumunye wenyewe asili yake ni Afrika.

Jumba la makumbusho la Pitt Rivers mjini Oxford lina vitu zaidi ya 1,300 kutoka Sudan Kusini. Baadhi vilichukuliwa na mfanyabiashara John Petherick katikati ya karne ya 19, vingine na mwanaanthropolojia Evans-Pritchard katika miaka ya 1920 na 1930. Ni vyema vimetunzwa. Hata hivyo, vingi vya namna hiyo vilifika Ulaya bila jina la aliyevitengeneza. Kwenye kadi huandikwa kabila, mahali na jina la aliyeleta. Mwanamke aliyekwangua, akachoma pembetatu na kushona ufa hayumo.

Kosa hilo bado linaweza kuepukwa Juba, kwa kuwa wanaojua kazi hii wako hai. Lakini vita vilivyoanza Desemba 2013 viliwatoa wengi kwenye mazizi yao, na jerikani haipasuki ikianguka. Ukinunua kibuyu Konyo Konyo, chagua kilichoshonwa. Usipunguze bei. Muulize muuzaji nani alikitengeneza na katika kijiji gani, uandike jina hilo kwenye karatasi, uikunje na kuiweka ndani ya kibuyu.