Mbwa Mchungaji Asiye na Kundi

Ufundi wa kuishi na mbwa mchungaji, yaani mbwa aliyetokana na ukoo uliochaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa kazi ya kuongoza na kulinda mifugo, hautajwi pamoja na fani zinazosifiwa kama ufinyanzi, ususi au uundaji wa mitumbwi, ingawa unadai subira ileile na jicho lilelile linaloona kasoro kabla haijakomaa. Mjini Kisumu, katika mtaa wa Kaloleni na mitaa jirani, mbwa wa ukoo huo hufugwa nyuma ya malango yenye maandishi “Mbwa Kali”, na mara nyingi maneno hayo mawili ndiyo elimu yote ya ufugaji wake, kwa maana mwenye nyumba akishaning'iniza kibao hujiona amemaliza wajibu.

Anayefahamika zaidi ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye wazee wa Kenya wangali wakimwita alsesheni, jina lililoenezwa na Waingereza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ili kukwepa kuitaja Ujerumani. Mwaka 1899, miaka miwili kabla ya reli kufika Kisumu, Max von Stephanitz, aliyekuwa ofisa wa wapanda farasi, alimnunua mbwa wa kuchungia kondoo, akampa jina la Horand von Grafrath na kuanzisha chama cha kuendeleza uzao wake. Linalostahili kukumbukwa zaidi ni wasiwasi wake: viwanda viliposambaa na makundi ya kondoo yakapungua, alihangaika kumtafutia mbwa huyo kazi nyingine katika polisi na jeshi, kwa kuwa hakutaka abaki pambo la maonyesho. Aliyeuanzisha ukoo alikwisha kuona hatari hiyo zaidi ya karne moja iliyopita, ilhali wengi wanaomnunua leo huyatazama masikio yaliyosimama na mgongo mweusi, wasiulize atafanya nini akiamka asubuhi.

Ufuo wa ziwa nao ulikuwa na elimu yake. Katika dala, yaani boma la Wajaluo, jakwath, ambaye ni mchungaji na kwa kawaida alikuwa mvulana, alitoka na ng'ombe kulipopambazuka huku guok, yaani mbwa wa nyumbani, akimfuata nyuma. Mbwa huyo wa kienyeji hakufundishwa kulizungusha kundi kwa mbinja kama wafanyavyo mbwa wa Uskoti. Kazi yake ilikuwa kusikia kabla ya mtu kusikia, kunusa kabla ya mtu kuona, na kubweka kwa sauti ambayo mvulana aliitofautisha, hii ya fisi, hii ya mgeni, hii ya nyoka majanini. Hakuna aliyeketi kumfunza, kwa kuwa siku nzima ya malishoni ilikuwa darasa, na jioni wote wawili walirudi na miguu yenye vumbi na uchovu wa halali. Thamani ya kazi hiyo imethibitishwa kwingine nchini: utafiti kuhusu maboma ya Laikipia uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa kuwepo kwa mbwa wa kulinda kulihusiana na upungufu wa mashambulizi ya wanyama wakali dhidi ya mifugo. Leo mbuzi na ng'ombe wangali wakipita katika vichochoro vya Manyatta na Nyalenda wakitafuta majani kando ya barabara, lakini mvulana yuko shuleni, na mbwa yuko kwenye mnyororo.

Anachofanya mbwa mchungaji akiwekwa katika ua wa familia hakieleweki bila kujua asili ya uchungaji wenyewe. Wataalamu wa tabia za wanyama huueleza kuwa ni uwindaji usiofika mwisho: mnyama mwindaji hutazama, hunyatia, hukimbiza, hukamata, kisha huua, ilhali mbwa mchungaji amechaguliwa abaki na hatua za mwanzo na kuziacha za mwisho. Kwa hiyo watoto wanapocheza kati, mchezo wa mpira wa makaratasi, chini ya mwarobaini, mbwa huyo hauoni mchezo bali kundi lililotawanyika. Huinamisha kichwa chini ya mabega, huzunguka kwa upana bila kubweka, humkinga yule anayekimbilia lango, na asipotiiwa humgusa kisigino kwa meno ya mbele, kwa wepesi usioacha alama. Majirani husema ameuma, fimbo huletwa, na kuanzia siku hiyo mbwa aliyetimiza kazi ya mababu zake bila kuombwa hufungwa kama mhalifu. Hiyo ni dhuluma, na inafaa kuitwa kwa jina lake.

Mjuzi wa ufundi huu, akiona jambo hilohilo, hutambua kuwa mbwa ameomba kazi, naye humpa. Humtoa alfajiri, kwa sababu joto la Kisumu humtesa mnyama mwenye manyoya ya tabaka mbili, na humrudisha kabla lami haijachoma nyayo. Huficha akala, yaani kiatu cha mpira wa gurudumu, katika nyasi ndefu na kumtuma aitafute kwa pua, akijua kwamba robo saa ya kunusa kwa makini humtuliza kuliko mbio ndefu zisizo na shabaha. Kilele cha somo ni kichochoroni, mbuzi wanapopita. Mbwa huamriwa alale, naye hulala. Ulimi uliokuwa ukining'inia hurudi kinywani, masikio hukaza mbele, na misuli ya bega hutetemeka chini ya ngozi kama maji ya chungu yanayokaribia kuchemka, huku kila mbuzi akihesabiwa kwa macho. Hashikwi kwa kamba wala hatishwi. Neno moja lililosemwa kwa sauti ya chini miezi kadhaa mfululizo ndilo linalomzuia, na mbuzi wa mwisho akishapita, hugeuza kichwa kumtazama aliyesema neno hilo. Mtazamo huo, wa mnyama aliyeshinda damu yake mwenyewe kwa hiari, ni kazi ya mikono iliyokamilika sawasawa na mtungi usiovuja. Jioni hufuata ugali na omena, kisha kupekuliwa kupe masikioni na katikati ya vidole, kwa kuwa kupe huambukiza magonjwa ya damu.

Ikilinganishwa na malezi hayo, lugha ya nyua nyingi ni ya kusikitisha, kwani neno pekee ambalo mbwa hufunzwa humo ni “shika!”, tena na watoto, ambao ndio watakaokuwa wa kwanza kuumia. Hata waliojiepusha na mbwa kwa sababu za dini waliliona suala la kazi kwa uwazi zaidi. Katika fiqhi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, na bado mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba aliruhusiwa. Aliyekatazwa ni yule anayefugwa bila haja, na katika hilo faqihi na mchungaji wa kondoo wangekubaliana.

Mbwa mchungaji malishoni hutembea kilomita nyingi kwa siku moja. Mnyororo wa mita 2 uliofungwa kwenye kigingi humwachia duara lenye upana wa mita 4, na katika nyua za Kaloleni duara hilo hutambulika kwa urahisi hata mbwa akiwa amelala, kwa sababu nyasi hazioti hapo tena.