Kezilahabi Baina ya Riwaya na Falsafa: Sifa Inayogombaniwa

Euphrase Kezilahabi (1944–2020) ameacha sifa ambayo wahakiki wangali wanaigombania. Tangu Rosa Mistika (1971) ipigwe marufuku shuleni, mtunzi huyu ameshtakiwa kwa makosa mawili yanayopingana: kwamba aliyaanika maisha kupita mipaka ya adabu, na kwamba katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) aliyafunika kwa mafumbo yasiyofumbulika. Makala haya yanadai kwamba mashtaka yote mawili yana chanzo kimoja: kuitaka riwaya itoe funzo lililokamilika, ilhali mtunzi, akiwa mwanafalsafa pia, anauliza swali.

Shtaka la kukata tamaa linathibitisha dai hili. Rosa anajiua, Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua, Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo (1975) anaishia kitanzini. Kutokana na vifo hivyo, wapo waliohitimisha kwamba falsafa ya Kezilahabi ni udhanaishi wa Ulaya uliovishwa kanzu ya Kiswahili. Hitimisho hilo linamgeuza mhusika kuwa msemaji wa mtunzi. Aidha, linapuuza tasnifu yake ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, ambamo alipinga mazoea ya kuifasiri fasihi ya Kiafrika kwa vipimo vya falsafa ya Magharibi. Nagona inaendeleza hoja hiyo kwa umbo lake: ikiwa ukweli haushikiki kwa mantiki iliyonyooka, msuko ulionyooka ungeikana hoja yenyewe.

Ninaandika haya Madungu, Chake Chake, katika kisiwa cha Kamange na Sarahani, ambako jadi ya vina na mizani ingetarajiwa kumkataa mtunzi wa mashairi huru ya Kichomi (1974). Hata hivyo, ni Mzanzibari, Said Ahmed Mohamed, aliyeichambua Nagona mwaka 2003 kwa kuangalia mpasuko wa masimulizi yake, usimulizi simulizi na uhalisia mazingaombwe. Yeye mwenyewe alikwisha kutoka kwenye uhalisia wa Utengano (1980) hadi kwenye Babu Alipofufuka (2001). Mgogoro huu, basi, haufafanuliwi vyema kwa kupanga Pwani upande mmoja na Bara upande wa pili.

Utetezi huu haumwondolei Kezilahabi madeni yake. Rosa Mistika inamhukumu Zakaria, baba anayemlinda binti kwa kipigo bila kumfundisha kujilinda. Lakini anayelipa kwa uhai wake ni Rosa, na riwaya haimwachii njia nyingine. Nayo Nagona inadai msomaji aliyekwisha kuzoea falsafa, hivyo inawaacha nje wengi waliompenda mtunzi wa Rosa. Haya ndiyo maswali yanayostahili kuulizwa juu yake: nani analipa gharama ya swali lake, na nani anaruhusiwa kulisikia. Suala la imani yake binafsi halitufikishi huko.