Jicho Lisilojiona: Hadaa katika "Juliasi Kaizari"

Tamthilia ya Shakespeare juu ya kifo cha Kaizari ilifasiriwa kwa Kiswahili na Mwalimu Julius Nyerere, ikatoka mwaka 1963, kisha ikasahihishwa na kutolewa tena mwaka 1969 kwa jina la "Juliasi Kaizari". Sisi tulio Nzega, mkoani Tabora, hatuihesabu kuwa kitabu cha ugenini, kwani mfasiri wake alisoma Tabora mjini, akafundisha huko katika shule ya St. Mary's kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Wasomaji wengi husema kwamba Brutus alihadaiwa na Cassius. Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi.

Na tutazame jinsi hadaa ilivyoanza. Cassius amwuliza mwenzake kama aweza kuuona uso wake mwenyewe. Brutus akiri kwamba jicho halijioni ila kwa msaada wa kitu kingine. Hapo Cassius ajitoa kuwa kioo chake. Waswahili nao husema, "Nyani haoni kundule," lakini yafaa tupambanue. Methali yetu yaonya kwamba mtu asichokiona ni aibu yake. Cassius aigeuza maana: asichokiona Brutus, asema, ni ubora wake. Kioo cha namna hiyo, nani atakivunja?

Tena tuangalie taratibu ya mambo. Brutus amekwisha kukata shauri kwamba Kaizari hana budi kufa, ndipo mtumishi amletea barua ya kughushi iliyookotwa dirishani. Barua hiyo yamwamuru aamke, ajione. Nayo ina mapengo, na Brutus ayajaza kwa maneno yake mwenyewe. Basi Cassius aliandika nusu ya uwongo. Nusu ya pili aliiandika yule aliyehadaiwa.

Mwisho wa Cassius watimiza fundisho hili. Vitani Filipi, yeye aliyejitoa kuwa kioo akiri kwamba macho yake ni hafifu tangu zamani, amtuma Pindarus kilimani amtazamie. Pindarus aona wapanda farasi wamemzunguka Titinius, adhani ametekwa. Kumbe ni rafiki zake. Cassius asadiki, wala hangoji. Amwamuru Pindarus amwue kwa upanga ule ule uliomchoma Kaizari.

Nchi hii ya Wanyamwezi yajua habari ya macho ya kuazima. Katika misafara ya zamani iliyokwenda pwani, mpagazi wa nyuma aliona mzigo wa mwenzake tu. Aliyeiona njia ni kirangozi aliyetangulia. Kumwamini mwingine si kosa, maana bila hivyo hakuna safari. Kosa ni kuamini bila kupima: Brutus kwa kuwa habari ilimpendeza, Cassius kwa kuwa ilimtisha. Kwa hiyo twawasihi walimu wasiwaulize wanafunzi wao tu, "Nani alimdanganya Brutus?" Wawaulize pia, "Brutus mwenyewe alitaka kuona nini?"