Bushi ya Stata

Volkswagen Beetle ya zamani ikipigwa stata ikajibu kwa mlio mmoja, tak, kisha ikanyamaza, lawama ya kwanza huiangukia betri. Fundi anayezijua gari hizi huipima betri kweli, lakini akiikuta na moto wa kutosha, hutandika gunia na kuingia uvunguni kwa upande wa gurudumu la nyuma la kulia.

Huko ndiko stata iliko. Injini ya Beetle, ile ya kupozwa kwa hewa isiyojua rejeta wala maji, imekaa nyuma kabisa ya gari. Mgeni hufungua boneti ya nyuma akaitafuta stata na asiione, kwa sababu imefungwa kwenye giaboksi, mbele ya injini, juu kidogo ya ekseli. Gari hizi, ambazo moja yake ilishinda Safari Rally mwaka 1962, zimeacha kutengenezwa tangu 2003, lakini namna ya kuzifungua ingali mikononi mwa watu.

Kabla ya kugusa nati yoyote, fundi hunyanyua kiti cha nyuma na kuchomoa waya wa hasi wa betri. Waya mnene wa chanya unakwenda moja kwa moja hadi kwenye stata bila kupitia fyuzi, hivyo una moto hata funguo ikiwa mfukoni. Spana ikigusa terminali hiyo na bodi kwa pamoja, hiyo ni shoti ya kuunguza mkono.

Nati ya chini ya stata haina taabu. Ya juu ndiyo inayomtambulisha fundi. Bolti yake ni ndefu, inapita kwenye stata na giaboksi, kisha inaishika na injini yenyewe. Nati yake iko upande wa injini, nyuma ya kava la feni, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huinama juu ya injini, akaupitisha mkono pembeni ya kava, spana namba 17 ikiwa imelala kiganjani, na uso wake anaugeuzia pembeni kwa kuwa kutazama hakumsaidii. Vidole vinapapasa mpaka vinaikuta. Waliobuni gari walimfikiria: kichwa cha bolti hiyo kimekatwa upande mmoja, kikaegemea mwili wa stata, kwa hiyo hakizunguki nati inapofunguliwa. Mtu mmoja anatosha, bila msaidizi wa kushika upande wa pili. Huo ni ubunifu ninaouheshimu sana.

Stata ikishatoka, mwenye haraka hupachika mpya na kudai pesa yake. Fundi halisi huingiza kidole kwenye tundu la giaboksi. Katika Beetle nyingi, ncha ya shafti ya stata haina mhimili wake yenyewe. Inazunguka ndani ya bushi ndogo ya shaba nyeusi iliyobaki kwenye giaboksi. Bushi ikilika, shafti inayumba, rota inasugua sumaku zinazoizunguka, stata inakula umeme mwingi na kuzunguka kwa uzito. Hata stata mpya kabisa itasumbua vilevile ikiwekwa juu ya bushi iliyochoka. Ndiyo maana baadhi ya watu hubadilisha stata, kisha betri, kisha stata tena.

Kuitoa bushi kunataka subira, maana imebana na upande wake wa pili haufikiki kwa nyundo. Fundi huivuta taratibu kwa kifaa chenye meno, akichunga asiukwaruze ukuta wa tundu. Bushi mpya anakuwa ameiloweka kwenye oili mapema, iinywe, kisha anaigonga iingie ikiwa imenyooka. Na haichukui yoyote tu: gari za volti 6 na zile za volti 12 zina bushi za kipenyo tofauti. Mwisho anaipima kwa ncha ya shafti, ambayo lazima izunguke bila kukwama na bila kucheza.

Baada ya kufunga na kurudisha waya, injini ikipokea kwa mara ya kwanza fundi hatosheki. Humtuma mwenye gari akazunguke nayo mpaka injini ipate moto vizuri, arudi, azime, apige stata papo hapo. Stata hii inakaa karibu na joto la bomba la moshi, na udhaifu uliojificha asubuhi hujitokeza saa hiyo.