Ufasaha wa Kusema na Kimya cha Darasa: Mazoezi ya Kuzungumza Kiswahili katika Shule za Nakuru

Neno ufasaha, kama litumikavyo na walimu wa Kiswahili, limebeba mizigo miwili. Kwa asili yake ya Kiarabu lahusu usemi safi, ulio wazi na usio na kasoro. Lakini katika mafunzo ya lugha ya pili limetwishwa pia maana ya wepesi wa kusema, yaani uwezo wa mtu kuendeleza maneno yake bila ya kusitasita akitafuta msamiati. Mambo haya mawili si mamoja. Mtu aweza kusema kwa wepesi huku akikosea, na mwingine akasema sahihi kwa kusuasua. Brumfit aliyajadili kwa mapana mnamo 1984, na wataalamu wengi wamemfuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kule kutoyatenganisha ndiko kunakoyafanya mazoezi ya kuzungumza katika shule za Nakuru na Bonde la Ufa la kati yazae kimya badala ya usemi.

Yafaa kwanza itazamwe hali ya lugha mahali penyewe. Nakuru ni mji uliokua kando ya reli, iliyofika hapo mnamo 1900, ukazungukwa na mashamba ya walowezi yaliyowavuta vibarua wenye lugha mbalimbali. Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana baina yao. Hata leo, baada ya Nakuru kupewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ndicho kinachosikika sokoni na kwenye vituo vya matatu ziendazo Njoro, Elburgon na Molo. Kwa hiyo mwanafunzi wa mjini haingii darasani akiwa bubu wa Kiswahili. Husema, tena upesi: *kitabu yangu imepotea*. Upatanisho wa ngeli umevunjika, lakini ujumbe umefika. Akikatizwa na kusahihishwa kabla hajamaliza sentensi, funzo analolipata ni kwamba heri kunyamaza.

Tena adhabu hiyo haiwaangukii wote sawasawa. Katika darasa moja la Molo au Njoro aghalabu huketi pamoja mtoto wa Kikuyu na mtoto wa Kikipsigis. Yule wa kwanza anazo ngeli kinywani tangu nyumbani. *Mũtĩ* na *mĩtĩ* za kwao ni ndugu wa *mti* na *miti*, ijapokuwa *r* na *l* humsumbua. Yule wa pili atoka katika lugha ya Kinailoti isiyo na upatanisho wa ngeli wa namna ya Kibantu, wala haitofautishi *p* na *b*, au *k* na *g*, kama Kiswahili kinavyofanya. Mwalimu anayesahihisha kila kosa papo kwa papo humkatiza huyu wa pili karibu katika kila kirai. Mwalimu huyo hakusudii upendeleo, lakini matokeo ni kwamba watoto wa lugha moja hunyamazishwa zaidi ya wale wa lugha nyingine.

Hapana budi pia kuutaja mtihani, kwani ndio unaotawala mafunzo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye kutahiniwa. Hilo lilikipa heshima kubwa, lakini heshima hiyo ilikuja kwa njia ya kalamu. Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, umekuwa na karatasi za insha, lugha na fasihi, na zote ni za kuandika. Hata fasihi simulizi, ambayo uhai wake ni sauti, hujibiwa kwa maandishi. Mtaala wa umilisi uliozinduliwa 2017 umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake maalumu. Hata hivyo, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, iliyoanza mwaka 2022, ilikuja na maswali ya kuchagua jibu. Mwalimu anayetumia kipindi kizima kwa mazungumzo afanya hivyo akijua kwamba siku ya mtihani hakuna atakayemsikiliza mwanafunzi wake.

Ama kuhusu mazoezi yenyewe, yale yaliyozoeleka ni matatu: mdahalo, mazungumzo ya kukariri, na maswali ya mwalimu kwa darasa zima. Mdahalo una faida zake, lakini huwapa nafasi wasemaji wanne au watano waliokwisha kuwa hodari, na wengine wakawa wapiga makofi. Mazungumzo ya kukariri hufundisha matamshi na adabu za maamkizi. Hayafundishi kutunga usemi papo hapo. Maswali ya mwalimu ndiyo yenye hasara kubwa zaidi. Kipindi cha dakika 40 katika darasa la wanafunzi 50, mwalimu akijichukulia nusu ya muda, humwachia kila mwanafunzi sekunde 24. Hakuna awezaye kuzoea lugha kwa kiasi hicho.

Hebu zoezi hilo lilinganishwe na lile lililobuniwa na Maurice mwaka 1983 na kuenezwa na Nation mwaka 1989. Mwanafunzi husimulia jambo moja kwa wasikilizaji watatu mmoja baada ya mwingine, kwanza kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Wanafunzi 50 wakijipanga safu mbili zinazotazamana, na safu moja ikisogea hatua moja kila mara, nusu ya darasa humaliza kwa dakika tisa na nusu ya pili kwa tisa nyingine. Kila mmoja amesema dakika tisa katika kipindi kile kile kilichompa sekunde 24.

Zoezi hili nalo lina kasoro, wala si vyema kulipokea kama dawa ya kila ugonjwa. De Jong na Perfetti walionyesha mwaka 2011 kwamba kurudia usemi kwa namna hii huleta wepesi unaodumu hata mada ikibadilishwa. Lakini Boers, mwaka 2014, aligundua kwamba makosa mengi ya usimulizi wa kwanza hurudi katika wa pili na wa tatu. Aidha, wanafunzi waliochunguzwa walikuwa wa Kiingereza. Wa Nakuru ana Kiswahili cha mtaani kilichokwisha kukomaa. Kwake yeye wepesi upo tayari, na hatari ya kukazia kosa ni kubwa zaidi. Jibu linalofaa ni kuyatenga majira ya mambo haya mawili: mwalimu asikilize bila kukatiza, aandike makosa matatu au manne yanayojirudia, ayafundishe ubaoni zoezi likiisha, kisha usimulizi ule ule urudiwe siku nyingine.

Zoezi la pili lenye manufaa ni la pengo la habari, ambamo kila mmoja wa wawili ana sehemu ya habari anayoihitaji mwenziwe. Vitabu vya ng'ambo hutoa ramani za miji ambayo mtoto wa Elburgon hajapata kuiona. Ramani ya kijiji chake, yenye zahanati, kinu na mto, au bei za magunia ya viazi, hutosha. Jambo la kuzingatia ni nani aketi na nani. Wenye lugha moja ya nyumbani wataikimbilia lugha hiyo. Wenye lugha mbili watakihitaji Kiswahili kwa kweli.

Katika Bonde la Ufa la kati mpangilio huo una uzito upitao ufundishaji. Molo iliona mapigano ya kikabila mwaka 1992, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwahamisha majirani wengi makwao. Watoto wao na wajukuu wao huketi leo katika madarasa mamoja, na lugha ya kuulizana habari baina yao ni Kiswahili. Kwa sababu hiyo vyuo vinavyowaandaa walimu, Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kikiwamo, havina budi kuwazoeza walimu hao kuendesha darasa lenye sauti hamsini kwa wakati mmoja, na walimu wakuu nao wazoee kutoihesabu kelele hiyo kuwa utovu wa nidhamu. Vile vile watahini watafute njia ya kumsikiliza mwanafunzi akisema, japo kwa dakika tano tu. Hadi hapo, stadi ya kuzungumza itabaki kuandikwa katika mtaala na kuachwa nje ya mlango wa darasa.